Kumtafuta Mhenga wa Virginia Kabla ya Sensa ya 1870

Familia ya mke wangu ni ya Wamarekani weusi wenye asili ya kusini mwa Virginia, na kwa muda mrefu nimekuwa nikisaidiana na mama mkwe kuufuatilia ukoo wao. Ninalotaka kumwambia kila aliyeoa au kuolewa katika ukoo wa namna hiyo, ambaye watoto wake watauliza siku moja habari za upande wa pili, ni hili: mhenga aliyekuwa mtumwa ni nadra kupatikana kwa kufuata jina lake peke yake, hutafutwa katika karatasi za watu waliomzunguka.

Anzeni kwa wazee walio hai, kisha rudini nyuma sensa kwa sensa bila kuruka. Marekani imehesabu watu wake kila baada ya miaka kumi tangu 1790, na majina hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72, hivyo sensa ya 1950 ndiyo ya karibuni zaidi inayosomeka. Kati ya 1900 na 1880 mtakuta pengo, kwa kuwa karibu sensa yote ya 1890 iliharibika kufuatia moto uliotokea Washington mwaka 1921. Mkifika 1870, tulieni hapo. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza iliyowaandika kwa majina watu wote walioachiwa huru baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865). Zile za 1850 na 1860 ziliwaweka watumwa katika orodha ya pekee, chini ya jina la mmiliki, kwa umri, jinsia na rangi tu.

Wengi hukata tamaa hapo, nami naona si haki kuwaacha wahenga mlangoni. Msisome mstari wa familia yenu peke yake, bali ukurasa mzima, pamoja na unaoutangulia na unaoufuata, kwa sababu watu wengi walioachiwa huru walibaki wakilima jirani na mashamba walikotumikishwa. Mzungu mwenye ardhi kubwa anayeishi karibu na mhenga wenu anastahili kuchunguzwa hata kama jina lake la ukoo ni tofauti, maana si kila mtu alichukua jina la bwana wake wa mwisho. Kisha tazameni mikataba ya kazi iliyosimamiwa na Freedmen's Bureau, idara ya serikali iliyoundwa Machi 1865 kuwasaidia walioachiwa huru, na kumbukumbu za Freedman's Savings, benki iliyoanzishwa kwa ajili yao, ambayo mara nyingi iliandika majina ya wazazi na ndugu wa mteja.

Kwetu njia ilifunguliwa na orodha ya mali ya marehemu mmoja, katika daftari la wosia la kaunti. Karani aliandika ng'ombe, majembe na godoro, kisha, kwa mwandiko uleule, mwanamke na mtoto wake mchanga, na mbele yao thamani yao kwa dola. Mama mkwe alilisoma jina la yule mwanamke kwa sauti, akanyamaza, kwa sababu ndilo jina ambalo ukoo wao umekuwa ukiwapa mabinti vizazi hata vizazi.

Ndiyo maana nashauri mfuateni mama kwanza. Tangu 1662 sheria ya Virginia ilimpa mtoto hali ya mama yake, awe mtumwa au huru, kwa hiyo mama na watoto huonekana mara nyingi katika wosia mmoja, ilhali baba huenda yumo katika karatasi za shamba la jirani. Ikiwa mama alikuwa huru, tafuteni daftari za usajili wa weusi walio huru, zilizoanza 1793, ambazo hutaja umri, kimo, makovu na namna mtu alivyopata uhuru.

Kaunti kadhaa zilipeleka nyaraka zake Richmond, mji mkuu wa Virginia, zihifadhiwe wakati wa vita, nazo zikateketea mji ulipoungua Aprili 1865. Kwa kaunti hizo, orodha za kodi zilizoanza 1782 husaidia sana.

Sasa tunasoma mashauri ya warithi waliogombania mgawanyo wa mashamba na watumwa. Ni kazi ya polepole, kwa sababu mwandiko umefifia, lakini humo mashahidi walieleza nani alikuwa mtoto wa nani, na aliuzwa kwa nani.