Maswali na Majibu: Kabla Hamjamlipa Mshauri wa Utawala Bora

*Barua za safari hii karibu zote zimetoka Kusini mwa Tanzania, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: ukimwajiri mshauri mwelekezi akutathminie uongozi wa chama au kampuni, utajuaje kama umepata kazi au umepata makaratasi?*

Mjumbe wa bodi ya SACCOS, Masasi: *Ndugu wahariri, salaam. SACCOS yetu ina wanachama 640, wengi walimu na wauguzi. Mkutano mkuu umetuagiza tutafute mshauri atathmini utawala bora, maana maneno juu ya mikopo yamekuwa mengi. Tumetenga shilingi milioni 12. Wenzangu wanasema tumwite tu, akifika atajua mwenyewe cha kuangalia. Tuanzie wapi?*

Ndugu mjumbe, anzeni na kalamu kabla ya simu. Mshauri aliyeambiwa "njoo ujionee" huja na ripoti aliyomwandikia mtu mwingine, akabadilisha jina la chama. Andikeni hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi mnayotaka afanye, kurasa tatu au nne zinatosha, na ndani yake muweke maswali yenu kama wanachama wanavyoyasema wakitoka mkutanoni. "Kutathmini utawala bora" si swali. Swali ni hili: katika miezi 24 iliyopita, mikopo ya wajumbe wa bodi, kamati na watumishi ilipita njia ileile anayopita mwalimu wa kawaida? Mjumbe mwenye ombi lake mezani alitoka nje likijadiliwa, au alibaki anakunywa chai? Kamati ya usimamizi ilipoandika hoja, nani aliijibu, na baada ya siku ngapi? Mkiandika hivyo, mshauri hana pa kujificha.

Msiichanganye kazi hii na ukaguzi wa hesabu. Mkaguzi, awe wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, au wa kampuni iliyosajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, anawaambia kama hesabu zinaonyesha hali halisi. Mkopo wa milioni 8 wenye dhamana na unaolipwa kwa wakati, kwake hauna kasoro. Mtathmini wa utawala anauliza nani aliuidhinisha, na kama mwombaji mwenyewe alikuwa mmoja wa waliokaa kuidhinisha. Vitabu vinaweza kuwa safi na uongozi ukawa umeoza, na hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Hiyo milioni 12 iwe kwenye makisio ya mapato na matumizi yaliyopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Mkiichota fungu la dharura, hoja ya kwanza ya ukaguzi ujao itakuwa nyinyi.

Bodi ndiyo inayotathminiwa, kwa hiyo isimchague mtathmini peke yake. Undeni kamati ya watu watatu: mmoja wa bodi, mmoja wa kamati ya usimamizi na mwanachama wa kawaida aliyeteuliwa na mkutano. Waombaji walete bahasha mbili, ya kiufundi na ya bei, na ya bei isifunguliwe mpaka ya kiufundi imepewa alama. Kwa kazi ya akili kama hii, alama 80 za ufundi kwa 20 za bei ni mgawanyo mzuri. Mkishindanisha bei tu, mwenye ripoti ya kunakili atashinda kila siku, maana yeye hana gharama. Mwombeni kila mmoja sampuli ya ripoti aliyowahi kuandika. Akiwapa yenye majina ya watu waziwazi, mshukuruni na mmwache aende, kwa sababu kesho majina yenu yatakuwa kwa mteja mwingine.

Kwa chama cha ukubwa wenu, siku 18 za kazi zinatosha: tatu za kusoma nyaraka, saba za mahojiano na mafaili ya mikopo, nne za rasimu, nne za kupokea maoni na kukamilisha. Malipo yafuate kazi: asilimia 20 akileta ripoti ya awali inayoonyesha atakavyofanya, 40 akileta rasimu, 40 akishaiwasilisha ripoti ya mwisho mbele ya wanachama. Ongezeni kifungu kimoja ambacho wengi husahau: aliyetathmini asipewe kazi ya kurekebisha aliyoyakuta kwa miezi 12. Mganga anayeuza dawa huona ugonjwa kila mahali.

Mhasibu, Mtwara mjini: *Mshauri wetu ameleta ankara ya milioni 12 pamoja na VAT juu yake. Bosi anasema tumlipe yote, kodi ni shauri lake. Ni sawa?*

Si sawa. Ada ya ushauri inakatwa zuio la kodi la asilimia 5 kama mshauri ni mkaazi wa Tanzania, na asilimia 15 kama si mkaazi. Zuio linakokotolewa kwenye ada bila VAT. Kwa ankara yako: ada 12,000,000, VAT ya asilimia 18 ni 2,160,000, jumla 14,160,000. Zuio ni 600,000. Unamlipa 13,560,000, ile 600,000 unaipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, na mshauri unampa hati ya zuio. Usipokata, deni linabaki kwenu. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kabla ya hapo hakikisha kweli amesajiliwa VAT. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kuitoza.

Soma pia mkataba kama umeandikwa kwamba milioni 12 ni "baada ya kodi". Kama ni hivyo, ada yenyewe imekuwa 12,631,579, na hiyo tofauti ya laki sita na ushee inatoka mfukoni mwenu.

Mwanachama wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), Nachingwea: *Mshauri alikaa kwetu siku mbili mwezi wa kumi na moja, akaleta kitabu cha kurasa 74. Sura nzima inazungumzia kampuni zilizo kwenye soko la hisa. Sisi tunauza korosho. Tumepigwa?*

Mmepigwa, ila na nyinyi mlimfungulia mlango kwa kumwita mwezi wa kumi na moja. Huo ni msimu wa minada. Katibu yuko ghalani, mwenyekiti yuko mnadani, wakulima wanasubiri fedha benki. Nani wa kuhojiwa? Machi na Aprili nazo barabara za vijijini hazina uhakika. Dirisha zuri Lindi na Mtwara ni Juni hadi Agosti, na hata hapo mahojiano na wakulima yawekwe mchana, maana alfajiri wako shambani wanapuliza salfa, dawa ya mikorosho.

Sasa, kazi ya kweli ingeonekanaje? Mambo mawili tu.

La kwanza ni kitabu cha mihtasari. Mtathmini anayejua kazi hakisomi kama barua. Anakichunguza kama anayenunua pikipiki ya mkononi. Chukua mihtasari ya mwaka mzima uipange mezani. Kama vikao saba vya miezi tofauti vimeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko haujayumba hata mstari, na saini za wajumbe zimekaa mahali palepale ukurasa kwa ukurasa, mihtasari hiyo imeandikwa siku moja, pengine wiki ya kumsubiri mkaguzi. Linganisha mahudhurio na hati za malipo ya posho: waliosaini kuhudhuria ni tisa, waliolipwa ni sita, basi wale watatu walikuwa wapi, na akidi ilitimia? Halafu nenda moja kwa moja kwenye ajenda ya mwisho, "mengineyo". Huko ndiko maamuzi mazito hujificha. Ukodishaji wa lori, ununuzi wa magunia, mkopo wa msimu, vyote vimepita kwa mstari mmoja, "wajumbe waliafiki", bila bei tatu za kulinganisha na bila kutajwa kwamba mwenye lori ni shemeji wa mtu. Kwa mkopo, aulize zaidi: umo ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa?

La pili ni mnyororo wa stakabadhi. Mfumo wa stakabadhi ghalani umekuwepo kwenye korosho tangu 2007, kwa hiyo karatasi zipo. Achague stakabadhi 30 za wakulima bila kuchaguliwa na katibu, azifuate moja moja: kilo alizopima mkulima chamani, kilo zilizopokelewa ghala kuu, bei ya mnada, makato, kiasi kilichoingia akaunti ya mkulima na tarehe yake. Kilo zitapungua kidogo, kuna unyaufu. Anachotafuta ni nani anaarifiwa zikipungua kupita kiasi, na kama taarifa hiyo iliwahi kufika kwenye kikao. Zikipotea gunia nne na hakuna muhtasari unaozitaja, hapo pana tatizo la utawala, hata kama baadaye zilipatikana.

Kitabu chenu cha kurasa 74, kama hakijagusa hayo mawili, kirudisheni na hadidu za rejea mkononi. Kama hadidu hazikuwepo, hamna cha kumshikia.

Kijana mhitimu, Lindi mjini: *Shikamooni. Kampuni ya ushauri ya Nairobi inatafuta mshauri wa ndani wa kusaidia tathmini ya utawala wa kampuni kwa Tanzania nzima. Ni kazi ya namna gani, na nijiandae vipi?*

Marahaba. Tathmini ya nchi ni kitu kingine kabisa. Hapo huulizi kama bodi fulani inafanya kazi. Unauliza kama nchi ina sheria, wasimamizi na mazoea yanayozifanya bodi zifanye kazi. Kipimo kinachotumika sana ni kanuni za utawala wa kampuni za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, zilizotoka mara ya kwanza 1999 na kupitiwa upya mara ya mwisho 2023 pamoja na kundi la G20. Benki ya Dunia ilitumia kanuni hizo kuzipima nchi nyingi, za Afrika zikiwemo. Waafrika nao wana chombo chao, Mpango wa Kujitathmini Kiutawala Bora Afrika, APRM, ulioanzishwa 2003. Moja kati ya maeneo yake ni uendeshaji wa kampuni. Wengine watakutajia ripoti za King za Afrika Kusini kuhusu utawala wa kampuni, ya nne ikiwa ya 2016. Zisome, lakini usizigeuze kuwa sheria ya Tanzania. Hilo ndilo kosa la washauri wanaoshuka uwanja wa ndege na ripoti ya Johannesburg kwenye kompyuta.

Kwetu kila aina ya taasisi ina msimamizi wake. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa zinaangaliwa na CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, ambayo ilitoa mwongozo wa utawala wa kampuni hizo 2002. Benki ziko chini ya Benki Kuu, mashirika ya umma yana Msajili wa Hazina, vyama vya ushirika vina Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na kampuni zote za Tanzania Bara zinasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa Sheria ya Makampuni ya 2002. Ukiipima nchi kwa kampuni za soko la hisa la Dar es Salaam peke yake, umepima watoto wa mjini ukasema umepima ukoo. Dai sampuli iwe na kampuni za familia, mashirika ya umma na vyama vya ushirika. Hapo ndipo mtu wa Lindi anapokuwa na thamani.

Kwa kila kanuni andaa jedwali la safu nne: sheria inasema nini, nani anaisimamia, ana uwezo gani wa kuadhibu, na mara ya mwisho kuutumia ni lini. Safu ya nne ndiyo hukosa majibu, na ndiyo inayolipiwa.

Kabla ya kusaini, hakikisha mkataba unataja idadi ya siku zako, sarafu ya malipo, jina lako kwenye ripoti, na nani anatunza maelezo ya mahojiano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu na wewe. Omba pia barua ya utambulisho ipitie ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa. Bila barua utakaribishwa vizuri, utapewa kiti, na hutaambiwa kitu. Na wekeni kifungu cha dharura ya hali ya hewa: Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika kule Somanga, na siku za mkataba haziogelei.

Mwanahisa, Kilwa Masoko: *Kampuni yetu ya familia ilimleta mshauri. Mwenyekiti ni baba mdogo. Rasimu imetoka, naye anataka kurasa mbili zinazohusu mashua zake ziondolewe, la sivyo mshauri hapati malipo ya mwisho. Nina asilimia 10 tu. Nifanye nini bila kuvunja undugu?*

Mpe baba mdogo njia ya kujibu, usimpe njia ya kufuta. Pendekeza kwa mshauri utaratibu wa kawaida: rasimu inapewa siku 10, kila mwenye hoja anaiandika kwenye jedwali la maoni, akitaja ukurasa, kilichoandikwa, anachosema yeye ni sahihi, na hati ya kuthibitisha. Kosa la ukweli linasahihishwa palepale. Ikiwa mashua zilikodishwa kampuni kwa miezi minne na rasimu imesema sita, ibadilike. Asipokubaliana na maoni ya mshauri, barua yake inabandikwa mwisho wa ripoti neno kwa neno. Wazee wengi wakijua jibu lao litasomwa, hawadai tena kurasa zitoke.

Malipo ni jambo jingine. Tazama mkataba: kama unasema yanafuata "ripoti kukubaliwa na mwenyekiti", mshauri amebanwa, na hapo mlikosea mwanzoni. Kama unasema yanafuata ripoti kukabidhiwa, mwenyekiti hana cha kuzuia.

Wewe kama mwanahisa una haki ya kuona daftari la wanahisa na mihtasari ya mikutano mikuu, ingawa si ya vikao vya bodi. Fanya pia upekuzi wa faili la kampuni BRELA uone taarifa za mwaka zilizowasilishwa. Omba kwa maandishi ripoti iwe ajenda ya mkutano mkuu ujao, na barua hiyo mpelekee baba mdogo nyumbani kwa mkono wako kabla ya kuipeleka ofisini.