Ukanda haubebi nywele: kubana kibunda kwa ukanda wa kitenge

Kosa la kwanza la karibu kila anayeanza kazi ya saluni ni kukiachia kibanio kazi ya kubeba nywele. Anafunga kibunda kilegelege, anazungushia ukanda mzuri wa kitenge, anaukaza mpaka mteja anakunja uso, kisha saa mbili baadaye kila kitu kimelala upande. Nywele zinabebwa na fundo la chini na pini. Ukanda ni pambo. Ukishatenga kazi hizo mbili, mtindo huu unakuchukua dakika 20 na unadumu siku nzima.

Tuanze na ukanda wenyewe, maana ukishonwa vibaya hakuna mkono utakaouokoa. Unahitaji kitenge, satini na waya. Kitenge kipya kiloweke kwanza kwenye maji baridi, ukibadilisha maji mpaka yabaki meupe. Hii si kwa ajili ya rangi tu. Kitenge cha pamba kinasinyaa, satini haisinyai. Ukivishona pamoja bila kufua, ukanda utajikunja kama utumbo siku ya kwanza utakapofuliwa. Kikikauka, sugua kona yake kwa kitambaa cheupe kibichi. Kikiacha rangi, rudia, la sivyo rangi itahamia kwenye kola ya shati la mteja.

Kata kitenge sentimita 92 kwa 8, na satini vivyo hivyo. Ukikata kwa kukingama upana wa kitambaa, mita moja inatoa kanda 12. Vipande vinavyobaki kwa mafundi wa nguo pale Majengo, Dodoma, navyo vinafaa: unga viwili vya sentimita 47 kila kimoja, mshono ukae katikati kabisa, kwa sababu katikati ndiyo itakayofichwa nyuma ya kibunda. Satini ndiyo itakayogusa nywele. Pamba inanyonya mafuta na kukwaruza, na kwa hewa kavu ya Dodoma, hasa kati ya Juni na Oktoba, nywele hazina unyevu wa kugawa.

Laza vitambaa nyuso zikitazamana, shona pande mbili ndefu na ncha moja kwa pindo la sentimita 1, geuza, piga pasi. Ukanda sasa una upana wa sentimita 6. Pitisha mistari miwili ya cherehani katikati kwa urefu, kila mmoja sentimita 2.5 kutoka ukingoni. Umepata mfereji wa sentimita 1 wa kupitishia waya.

Waya ndio unaoharibu kazi za wengi. Waya wa kufungia nondo ni wa bei ndogo na upo kila duka la vifaa vya ujenzi, lakini unashika kutu, na doa la kahawia likishaingia kwenye satini halitoki. Chukua waya wa umeme wa milimita mraba 1.5 wenye uti mmoja wa shaba ndani ya plastiki. Wenye nyuzi nyingi haushiki umbo. Kata sentimita 92, kunja sentimita 2 kila ncha iwe kama kitanzi kisichochoma, uingize, kisha ingiza ndani pindo la ncha iliyo wazi na uifunge kwa mshono wa mkono. Wa mkono, si wa cherehani: shaba ikikunjwa mara nyingi mahali palepale inakuwa ngumu na hatimaye inakatika, na siku hiyo utataka kufumua ncha na kuubadilisha bila kuchana ukanda mzima.

Sasa kichwa. Maelezo haya ni ya nywele za asili zenye urefu wa sentimita 15 kwenda juu zikivutwa. Ni vizuri mteja alale amezisuka mafungu manne makubwa ili zinyooke bila moto. Pulizia maji mpaka ziwe baridi mkononi lakini zisidondoshe, halafu paka mafuta kidogo, nazi au alizeti, kijiko kimoja cha chai kwa kichwa kizima. Mafuta bila maji yanang'arisha tu. Ndani nywele zinabaki kavu na zitakatika kwenye fundo.

Kabla ya kuchana uliza swali moja: utaondokaje hapa? Anayepanda bodaboda hatavaa helmeti juu ya kibunda cha utosini. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) naye ana kofia ya mahafali inayokaa utosini. Hao wote wabanie chini, karibu na shingo. Anayekwenda harusini kwa gari, mpandishie.

Kukusanya nywele kuna siri ndogo. Mteja asiinamishe kichwa, hata kama inakurahisishia. Akiinama ngozi ya shingoni inavutika; akiinua kichwa baadaye, nywele za kisogoni zinalegea na kufanya mfuko. Mwambie atazame juu kidogo, ndipo upige brashi kuelekea mahali pa fundo. Funga kwa kamba ya kiatu ya duara yenye mita 1: zungusha mara tatu, vuta taratibu, funga kitanzi. Kamba inakazwa kidogo kidogo bila kuburuta nywele. Zile raba za kufungia noti zitupe kabisa, zinakata nywele kama wembe wakati wa kutoa.

Gawa mkia mara mbili. Sokota kila fungu kuelekea kulia, kisha yasokote yote mawili pamoja kuelekea kushoto. Misokoto inayopingana inajishika yenyewe. Zungushia msokoto kwenye kamba, ncha uifiche chini.

Pini za umbo la U, sita hadi nane. Ingiza pini ikielekea nje ishike nywele chache za kibunda, kisha igeuze ncha zielekee katikati na uisukume mpaka kwenye fundo. Ukisikia inakwaruza ngozi, umeenda chini mno. Pini iliyosukumwa moja kwa moja bila kugeuzwa itatoka yenyewe kabla ya chakula cha mchana. Ukimaliza, mwambie mteja atikise kichwa. Kibunda kikicheza, ongeza pini, usikaze kamba.

Ndipo ukanda. Weka katikati yake nyuma ya kibunda, satini kwa ndani, leta ncha mbele, zipishane, kisha zirudishe nyuma. Kibunda cha kipenyo cha sentimita 9 au 10 kinakula kama sentimita 60, hivyo kila upande unabaki na 15. Sokota mara mbili tu, ncha uzifungue kama majani mawili au uzichomeke ndani. Mara tatu ni kuutesa waya bure.

Jeli ya mbele isizidi ukubwa wa harage, na kabla ya kuipaka ichanganye kiganjani na mafuta uliyotumia. Ikiganda vipande vyeupe hapo mkononi, itafanya hivyo kwenye paji la uso. Funga kitambaa dakika 10 ikauke kabla mteja hajatoka, maana jeli mbichi na vumbi la barabarani vinatoa rangi ya udongo mwekundu ambayo hakuna aliyeiagiza.

Mteja akisema panavuta, legeza hapo hapo, hata kama umeshamaliza. Vipele vidogo kwenye mstari wa nywele za mbele ni dalili kwamba zinang'olewa, na akirudiwa kubanwa hivyo kila wiki hatimaye nywele hizo hazioti tena.