Maswali Yenu kuhusu Pampu ya Kisima Kirefu

Maswali mengi mwezi huu yamehusu pampu za umeme za kuzama, zile ambazo mafundi huziita sabmasibo. Tumejibu manne. La kwanza tumelijibu kwa urefu kwa sababu kosa linalofanyika pale ndilo huzaa mengine yote.

Swali (Bahi, Dodoma): Fundi, habari za kazi. Kisima chetu kina mita 90, bomba la ndani ni la inchi 5. Karatasi ya mchimbaji inasema maji yakitulia yako mita 38, wakati wa kupampu yanashuka hadi mita 61, na kisima kinatoa lita 2,500 kwa saa. Matundu ya kuingizia maji yameanzia mita 76 hadi 88. Tanki la lita 5,000 litakaa juu ya mnara wa mita 6, umbali wa mita 120 kutoka kisimani, na ardhi ni tambarare. Muuza duka anashauri hospawa 2 kwa kuwa kisima ni kirefu. Nimsikilize?

Jibu: Usimsikilize, msikilize mchimbaji. Ile karatasi ya majaribio ina thamani kuliko ushauri wowote wa dukani, na asiyepewa aidai kabla hajamaliza kulipa.

Pampu haibebi maji kutoka mita 90. Inayabeba kutoka pale yanapokuwa wakati inafanya kazi, yaani mita 61. Ongeza mnara mita 6 na kimo cha tanki mita 2, unapata 69. Kisha kuna msuguano. Bomba la poli (plastiki) la milimita 40, kwa lita 2,000 kwa saa, hupoteza takriban mita 1.6 kwa kila mita 100. Wewe una karibu mita 200 ukijumlisha la kisimani na la kwenda kwenye tanki, kwa hiyo mita 3 na ushee. Weka 5 ili elbo, valvu na mita ya maji viingie humo. Jumla ni 74.

Kwa hiyo tafuta pampu ya inchi 4 inayotoa lita 2,000 kwa saa kwenye kimo cha mita 75 hadi 80. Mara nyingi hiyo ina mota ya kilowati 1.1, yaani hospawa 1.5. Tanki lako litajaa kwa saa mbili na nusu. Kwa nini 2,000 na si 2,500? Kwa sababu mwezi wa kumi na wa kumi na moja maji ya ardhini huwa yameshuka, na kisima kilichopimwa baada ya masika hakitatoa vilevile.

Ukifika dukani, usinunue kwa kusoma maandishi makubwa ya kwenye boksi, "upeo mita 120". Kwenye upeo huo pampu haitoi hata tone. Omba chati yake, tafuta mita 75, uone inatoa lita ngapi hapo. Pampu kubwa kupita kiasi itanyonya maji kuliko yanavyoingia. Maji yatashuka mpaka ivute hewa, mota ikose maji ya kuipoza, na kasi ile itavuta mchanga kupitia kwenye matundu.

Itundike mita 72. Hapo iko mita 11 chini ya maji ya kupampu na mota yake ikiwa juu ya matundu. Maji yanayopanda kutoka kwenye matundu hupita ubavuni mwa mota na kuipoza. Ukiishusha chini ya matundu, maji hutoka juu, mota hubaki kwenye maji yaliyosimama na joto huiua, isipokuwa uivalishe koti la bomba la kulazimisha maji yapite pembeni yake.

Swali (Manyoni): Mota ya hospawa 1.5, fezi moja, imeungua mara mbili ndani ya mwaka. Kebo ni ya 2.5 (milimita za mraba), urefu mita 100. Duka linasema umeme ni mbovu. Ni kweli?

Jibu: Inawezekana, lakini anza na kebo. Mota hiyo huvuta karibu ampea 8.5. Kebo ya 2.5 kwa mita 100 hupoteza volti 12 hadi 13 kwenda na kurudi. Kebo ya 4 hupoteza 8 tu. Umeme ukiwa volti 210 kwenye boksi la kontroli, kule chini mota inapata chini ya 200. Volti zikipungua ampea hupanda, na ampea ndizo zinazochoma waya wa ndani. Kwa urefu wako weka ya 4.

Pima volti pampu ikiwa inafanya kazi, si ikiwa imezimwa. Zikiwa chini ya 207, usiiwashe, na kwenye boksi funga kifaa kinachokata umeme volti zikishuka au kupanda. Angalia pia kapasita, kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka: ikichoka, mota hunguruma bila kuzunguka na kuungua ndani ya dakika chache. Lazima iwe na mikrofaradi (kipimo cha kapasita) zilezile zilizoandikwa kwenye boksi au kwenye kibao cha mota. Kuweka "inayokaribiana" ni kuiua mota polepole.

Halafu kiungo cha kebo. Tepu ya kawaida ya umeme haizuii maji ya kina cha mita 70. Ziunge waya kwa urefu tofauti ili viungo visikae sambamba, zibane kwa kopla ya shaba, kila moja ivalishwe mpira wa kunywea kwa joto wenye gundi ndani, kisha mpira mkubwa juu ya zote. Kabla ya kushusha, zamisha kiungo kwenye ndoo ya maji kwa saa moja na ukipime kwa mega ya volti 500, kifaa kinachoonyesha kama umeme unavuja. Mota mpya ikishakuwa kisimani inapaswa kusoma megaomu 2 au zaidi. Ikishuka chini ya 0.5, jiandae kuitoa.

Swali (Mkuranga): Maji yanatoka dakika 20, yanakatika, baadaye yanarudi. Siku hizi yana mchanga.

Jibu: Pampu inakizidi kisima. Funga geti valvu ya juu kidogokidogo mpaka maji yasikatike kwa saa mbili mfululizo, kisha toa mpini ili mtu asiifungue. Kuibana hakuumizi pampu ya namna hii, ila usiifunge kabisa. Funga vihisi viwili vya maji kisimani: cha chini mita 2 juu ya pampu kiizime, cha juu kiiruhusu kuwaka tena. Floti (boya) ya tanki haiwezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu inajua tanki limejaa lakini haijui kisima kimekauka.

Jaza ndoo ya lita 20 na uiache itulie. Mchanga ukiendelea kuonekana chini hata baada ya kubana valvu, mwite mchimbaji akisafishe kisima kwa kompresa. Huenda matundu ni mapana mno au bomba limepasuka. Kuweka pampu mpya hapo ni kutupa pesa, kwani mchanga utakula impela zake (panga zinazosukuma maji) pia.

Swali (Babati): Tunataka kuitoa pampu wenyewe na kuisafisha. Tuwe watu wangapi, na tukirudisha tufanye nini ili maji yawe salama?

Jibu: Pigeni hesabu ya uzito kwanza. Kwa mfano, mita 72 za poli ya milimita 40 zina maji karibu kilo 60, bomba lenyewe kilo 30, pampu na mota kilo 15 hadi 20. Hiyo ni zaidi ya kilo 100, kwa sababu valvu ya kuzuia maji kurudi huyashikilia ndani. Tumieni miguu mitatu ya chuma na kapi, zimeni umeme kwenye sakiti breka, na kamwe msivute kwa kebo. Kamba ya usalama iwe ya nailoni au waya usioshika kutu. Wakati wa kurudisha, fungeni kebo kwenye bomba kila mita 3, ikiwa imelegea kidogo, kwa kuwa poli hurefuka ikibeba uzito.

Kusafisha kisima: bomba la inchi 5 lina takriban lita 12.3 kwa kila mita. Mkiwa na mita 52 za maji, hizo ni kama lita 640. Gramu 150 za klorini ya unga ya asilimia 65 zinatosha pamoja na maji yaliyo kwenye kokoto za pembeni. Mimineni unga ndani ya ndoo ya maji, si maji juu ya unga, na mvae glavu. Acheni itulie, mmwage maji ya juu kisimani, kisha mzungushe maji kwa mpira kutoka kwenye pampu kurudi kisimani mpaka yanuke klorini. Yakae usiku mzima. Asubuhi pampuni nje, mbali na bustani na bwawa la samaki, mpaka harufu iishe, ndipo mfungulie tanki.