Mwanza hadi KIA ni kilomita 472 tu, mbona saa 1 na dakika 20?

SWALI: Nimepima kwenye ramani: kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 472. Nasikia ndege ya ATR 72 hukimbia kilomita 510 kwa saa, kwa hiyo ingefika ndani ya dakika 56. Tiketi yangu inasema saa 1 na dakika 20. Dakika nyingine zinakwenda wapi? Halafu tovuti moja inasema umbali ni 255. Nishike lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, umbali umeupima vizuri. Hiyo 255 ni maili za baharini, kipimo tunachotumia kupanga safari za ndege. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Ukikuta 294 mahali pengine, hizo ni maili za nchi kavu. Umbali ni uleule.

Tuje kwenye mwendo. Kilomita 510 kwa saa ni mwendo wa ndege iliyokwisha kufika juu na kutulia, tena bila kuhesabu upepo. Huku kwetu karibu na ikweta, upepo wa juu mara nyingi hutoka mashariki, nawe unaelekea mashariki. Upepo wa mbisho wa kilomita 37 kwa saa, ambao si mkali hata kidogo, unakuachia mwendo wa kilomita 473 kwa saa juu ya ardhi: dakika 56 zimekuwa 60. Siku ya kurudi Mwanza upepo huohuo unakusukuma, na hesabu inashuka hadi 52.

Kupanda nako kuna gharama. Ndege ya pangaboi kama ATR 72 ikiwa inapanda huenda taratibu, na robo saa ya kwanza hukupotezea kama dakika 4.

Mwisho wa safari ndipo penye mambo. Mstari wako ulionyooka unapita kilomita 12 hivi kusini mwa kilele cha Mlima Meru, chenye mita 4,566, na KIA iko mita 894 tu juu ya usawa wa bahari. Rubani hawezi kuanza kushuka popote anapotaka. Anabaki juu mpaka awe salama na mlima, hasa mawingu yakiufunika, kisha anashuka kwa mpangilio akipunguza mwendo. Kilimanjaro nayo iko kaskazini-mashariki ya uwanja. Weka dakika 5 hapo, na zaidi kama kuna ndege nyingine mbele. Mimi huwa sizionei uchungu dakika hizo hata kidogo, na abiria asizionee.

Ukijumlisha 60, 4 na 5, tumefika dakika 69. Zilizobaki haziko angani kabisa: muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya kule iendako. Ndege kutembea ardhini pande zote mbili, dakika 10 hivi, kunakufikisha kwenye saa 1 na dakika 20 yako. Kuteremka na kungoja mzigo hakumo humo, kwa hiyo kama una ndege ya kuunganisha pale KIA, anza kuhesabu baada ya hapo.

Na ukipata ndege ya jeti inayozidi kilomita 800 kwa saa, usitegemee muda upungue kwa nusu. Kwa umbali huu inamaliza kupanda na punde inaanza kushuka. Utaokoa kama robo saa.