Hati za kale za Masingasinga nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Natafuta hati za mkono za Masingasinga, hasa janamsakhi, yaani visa vya maisha ya Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao. Katalogi zinanichanganya. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tatizo kubwa ni tahajia. Mimi nilipoteza siku mbili nikitafuta "Punjabi", lugha ya hati hizo, kumbe katalogi imeandika "Panjabi". Jaribu zote mbili, kisha "janam-sakhi" kwa kistari na bila kistari.

Maktaba ya Uingereza mjini London inayo janamsakhi mashuhuri ya mwaka 1733, yenye picha za rangi, inayojulikana kwa namba yake, B40. Ukiandika barua, taja namba ya hati. Jina tu halitoshi. Kabla ya kukata tiketi, pitia Panjab Digital Library, maktaba ya mtandaoni ya Chandigarh, India, iliyoanza 2003. Wamepiga picha hati nyingi, unazisoma ukiwa umekaa kwako.

Sasa, tarehe. Mwandishi wa kale alihesabu kwa kalenda ya Bikrami, kalenda ya kale ya Kihindi iliyo mbele ya yetu, kwa hiyo ukiona 1790 usishangilie mapema. Toa 57, utapata 1733. Kwa tarehe zinazoangukia kati ya Januari yetu na mwaka mpya wa Bikrami, mnamo Machi au Aprili, toa 56. Tena maandishi ya zamani ya Gurmukhi, yaani herufi za Kipunjabi, hayaachi nafasi kati ya maneno, mstari mzima umeungana kama mkufu. Tafuta mtu wa kukusomesha, usijidanganye na kamusi.

Na Amritsar, mji mtakatifu wa Masingasinga huko India? Maktaba ya Marejeo ya Masingasinga ilipoteza hazina yake Juni 1984, jeshi la India lilipovamia Hekalu la Dhahabu, ilimokuwa maktaba hiyo. Hati ikitajwa kuwa ilikuwa humo, tafuta kwanza nakala yake kwingineko.