Nota Zinapotoka Nje ya Karatasi: Niliyojifunza kwa Kuandika Nyimbo za Kwaya kwa LilyPond

Jioni moja ya Ijumaa, siku mbili kabla ya Pentekoste, nilifungua PDF ya wimbo ambao nilikuwa nimeuandika kwa karibu saa nne, nikakuta nota zimeanzia kushoto kwa karatasi, zimekwenda moja kwa moja hadi ukingo wa kulia, na hapo zimetoka nje. Wimbo wa vipimo 32 ulikuwa umepangwa katika mstari mmoja usiokatika, na nilichoweza kuona kilikuwa sehemu ya mwanzo tu. Kwa kuwa tatizo lilionekana kwenye karatasi, nililitafuta kwenye karatasi: nikapunguza ukubwa wa nota, nikabadilisha pambizo, nikailaza karatasi, na mwishowe nikaifuta programu na kuisakinisha upya. Saa saba za usiku ndipo nilipoligundua kosa lenyewe. Katika kipimo cha kwanza cha sauti ya tena nilikuwa nimesahau kuweka nukta moja.

Kwa wasiofahamu, LilyPond ni programu ya bure ya kuandikia nota kwa maandishi matupu. Hakuna kuburuta nota kwa kipanya; unaandika herufi na tarakimu kwenye faili, programu inazisoma, kisha inakutolea ukurasa uliopangwa. Ilianzishwa mwaka 1996 na Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen. Wengi tunaifanyia kazi ndani ya Frescobaldi, programu ya kuhariri faili hizo, ambayo huonyesha maandishi upande mmoja na ukurasa upande wa pili, na ukibofya nota kwenye ukurasa inakupeleka mahali ilipoandikwa. Mimi niliichagua kwa sababu kompyuta yangu ilikuwa nzee na mfuko wangu haukuruhusu programu za kununua. Baadaye, mwezi Agosti 2024, watengenezaji wa Finale, programu ya kununua ya kuandikia nota, walipotangaza kwamba wanaisitisha, nilishukuru kwamba nyimbo zangu ni maandishi ambayo hata programu ya kawaida ya kuandikia inaweza kuyafungua.

Nirudi kwenye ile nukta. Kipimo cha mapigo manne kilipaswa kuandikwa hivi (herufi ni nota, 4 ni pigo moja, 8 ni nusu pigo, na nukta huiongezea nota nusu ya urefu wake):

c4. d8 e4 e |

Mimi niliandika c4 bila nukta, kwa hiyo kipimo kikawa na mapigo matatu na nusu. LilyPond haikujazi pengo hilo. Inaichukua nota ya kwanza ya kipimo kinachofuata, inaanza kuipiga ndani ya kipimo kile chenye upungufu, na nusu ya pili ya nota hiyo inaangukia ng'ambo ya mstari wa kipimo. Kuanzia hapo kila kipimo cha tena kikawa kimewahi kwa nusu pigo, na kila mstari wa kipimo ukawa umepitiwa na nota ya tena ambayo bado haijaisha. Sasa programu hii ina kanuni kwamba safu ya muziki, yaani mstari mzima wa sauti zote kutoka ukingo hadi ukingo, hukatwa kwenye mstari wa kipimo, na haikatwi mahali ambapo kuna nota inayoendelea. Soprano, alto na besi zilikuwa sahihi kabisa, lakini sauti moja iliyopotoka ilitosha kuzuia safu isikatike popote, na ndiyo maana wimbo mzima ukakimbilia nje ya karatasi.

Tangu siku hiyo, ukurasa ukiharibika, siugusi ukurasa kwanza. Ninafungua dirisha la ujumbe na kusoma kuanzia juu, kwa sababu kosa la kwanza mara nyingi ndilo linalozaa mengine yote yaliyo chini yake, na atakayeanza na la mwisho atakuwa anatibu kivuli. Ujumbe huo utakuwa na manufaa iwapo umeweka alama ya | mwishoni mwa kila kipimo. Alama hiyo haichori chochote; ni ahadi yako kwa programu kwamba hapa kipimo kimekamilika, na ahadi isipotimia unaandikiwa onyo kama hili:

barcheck failed at: 7/8

Sehemu hiyo ya 7/8 ndiyo dawa. Inakwambia kwamba ulipoweka alama, kipimo kilikuwa kimefika saba ya nane, yaani imepungua moja ya nane, nawe unajua unachokitafuta: nukta iliyosahaulika au nota fupi iliyorukwa. Ninaandika kipimo kimoja katika kila mstari wa faili, kwa kuwa onyo hutaja namba ya mstari, na wenye kubana vipimo kumi pamoja hujipa kazi ya kupekua bila sababu.

Nyimbo zinazoanza kabla ya pigo la kwanza zinahitaji tahadhari ya ziada. Usipoandika \partial 4 kabla ya ile nota ya robo ya mwanzo, wimbo wote utasogea kwa pigo moja na utapata onyo la kipimo. Nyimbo zetu nyingi za kanisani zina kiitikio kinachoishia kwenye pigo la tatu ili mashairi yaanzie kwenye la nne. Hapo pia amri hiyohiyo inaweza kutumika katikati ya wimbo, mara tu kiitikio kinapoisha.

Kosa jingine linaloonekana kama la ukurasa ni nota kupanda juu ya mistari mitano hadi zikagonga kichwa cha wimbo. Ukiandika ndani ya \relative, kila nota inahesabiwa kutoka kwa iliyoitangulia, na programu huchagua iliyo karibu zaidi. Alama moja ya ' iliyozidi hupandisha nota zote zinazofuata kwa oktava nzima. Tafuta nota ya kwanza iliyokosea, irekebishe hiyo peke yake, na uziache nyingine, maana zitashuka zenyewe. Niliwahi kumwona rafiki yangu akishusha nota 40 mojamoja kwa alama ya koma, na kila aliposhusha moja, zilizofuata zote zikazama chini zaidi.

Majina ya nota nayo yana mtego wake. Kwa kawaida LilyPond hutumia majina ya Kiholanzi, ambapo B flati ni bes na F shapu ni fis, na kutaja \key f \major hakuifanyi b kuwa flati yenyewe. Usipoandika bes, ukurasa utajaa alama za kufuta flati. Mtu aliyejifunza sol-fa, kama wengi wetu tulivyofundishwa, akisikia kwamba anaweza kuweka \language "italiano" na kuandika do, re, mi, hufurahi kama aliyefika nyumbani. Asifurahi mapema. Do hiyo ni C siku zote, hata wimbo ukiwa katika G, wakati do yetu ya sol-fa huhama kufuata ufunguo wa wimbo.

Lakini mahali ambapo nimepoteza muda mwingi kuliko kote ni kwenye maneno. Silabi hutenganishwa kwa vistari viwili vyenye nafasi pande zote: Mu -- ngu. Ukiandika Mu--ngu bila nafasi, programu inaona silabi moja ndefu, inaiweka yote chini ya nota moja, na kipimo kinatanuka huku maneno yanayofuata yakiwahi kabla ya nota zake. Dalili ni rahisi kuitambua: maneno yanaisha wakati nota bado zipo. Dalili hiyohiyo hutokea pale ambapo silabi moja inapaswa kuimbwa kwa nota mbili au tatu nawe hukuziunga kwa mabano ya ( na ), kwa hiyo kila nota inajichukulia silabi yake. Nikiliona tatizo hili, ninakwenda moja kwa moja kwenye silabi ya kwanza iliyo mahali pasipo pake, kisha ninatazama nota moja au mbili kabla yake.

Hapa kuna jambo ambalo miongozo ya programu haiwezi kukufundisha, kwa kuwa haikuandikwa kwa Kiswahili. Wachapaji wengi hugawa silabi zetu kwa mazoea ya lugha nyingine na kupata Mun-gu, twim-be, mbin-gu-ni. Silabi ya Kiswahili huishia kwenye irabu, kwa hiyo ni Mu -- ngu, twi -- mbe, mbi -- ngu -- ni. Tofauti hiyo hubadilisha uimbaji, kwani mwimbaji anayeona Mun- anafunga mdomo kwenye n kabla ya wakati, na nota ndefu inageuka mngurumo. Ipo pia m na n inayosimama peke yake kama silabi: mtu ni m -- tu, na nchi ni n -- chi, isipokuwa mtunzi ameamua kuiimba nchi kwa nota moja, na hapo inaachwa nzima. Irabu mbili zinazokutana na kuimbwa kwa nota moja, kama na uso, huandikwa na~u -- so, na programu itachora kitao kidogo chini yake kinachomwonyesha mwimbaji kwamba asizitenganishe.

Maneno yakipotea kabisa, sababu kubwa ni ile njia ya mkato ya kuweka soprano na alto katika mistari mitano ileile kwa kutumia alama ya \\. Njia hiyo hutengeneza sauti mpya zenye majina yake yenyewe, na maneno uliyoyafunga kwa \lyricsto kwenye sauti uliyoipa jina la soprano hubaki yakisubiri sauti isiyo na nota. Ipe kila sauti jina lake tangu mwanzo, weka \voiceOne kwa ya juu na \voiceTwo kwa ya chini, na tatizo litaisha pamoja na lile la vijiti vya nota kugongana.

Tahadhari ndogo kuhusu kunakili: maneno yaliyotoka WhatsApp au Word huja na alama za kunukuu zilizopinda, na LilyPond hutambua zile zilizonyooka tu kuwa mipaka ya maneno. Namba ya shairi nayo haiandikwi ovyo mbele ya silabi; inawekwa kwa \set stanza = "1.".

Baada ya hayo yote kuwa safi ndipo inapofaa kugusa ukurasa, na mara nyingi utakuta hakuna cha kugusa. Nikibakiwa na safu moja pweke kwenye ukurasa wa tatu, ninaandika page-count = 2 ndani ya \paper, na nikiona imebana sana ninashusha ukubwa wa nota kutoka 20, ambao ndio wa kawaida, hadi 18. Sishuki chini ya 17, kwa sababu kwenye kwaya yetu watu watatu hushika nakala moja na taa za kanisa zinajulikana. Silabi pana kama shangwe zikitanua vipimo, ninapunguza herufi za maneno kwa hatua moja na kuziacha nota kama zilivyo. Kichwa cha wimbo kisipoonekana, angalia kama \header imo ndani ya \score. Ikiwa humo, programu huchapa piece na opus tu, na title inabaki kimya hadi uitoe nje. Faili uliyoazima kutoka Marekani inaweza kuwa imewekewa karatasi ya letter, ambayo ni pana kidogo kuliko A4 lakini fupi kwa milimita 18, na ukiichapa bila kuibadilisha, pambizo zitakuwa za ajabu.

Mwisho kuna steshenari. Printa nyingi zimewekwa zipunguze ukurasa ili utoshe, na mhudumu huwa hajui. Beba rula. Kwa ukubwa wa 20, kimo cha mistari mitano, kutoka wa chini hadi wa juu, ni milimita 7. Kwa 18 ni milimita 6.3 hivi. Pima nakala ya kwanza kabla hajatoa 60, na ukikuta imepungua, mwombe achague asilimia 100 kisha achape upya.