Bibi Mwalimu Anajibu: Ulezi na Mpunga Mbele ya Rama

*Shikamoo Bibi Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, kwetu ni Sumbawanga, lakini sasa tunaishi Mbagala. Mwanangu wa darasa la nne nilimfungia ugali wa ulezi na maharage aende nao shuleni. Wenzake wakamcheka, wakasema anakula udongo. Tangu siku hiyo hataki kitu ila wali. Jirani yangu ananiambia Wahindi wa kusini wana shairi la zamani ambamo ulezi unagombana na mpunga. Ni kweli, au alikuwa ananifariji? Na kama ni kweli, nani alishinda?*
*Mama wa Ufipa, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Ni kweli, na ulezi ulishinda. Nimeanza na hilo ili ukamwambie mtoto jioni hii hii. Mengine utayasoma akishalala.

Shairi lenyewe linaitwa Ramadhanya Charite, yaani habari za nafaka ya Rama. Limetungwa kwa Kikannada, lugha ya jimbo la Karnataka, kusini mwa India, katika karne ya 16, na lina beti zaidi ya 150. Mtunzi ni Kanakadasa, mtu wa jamii ya wachunga kondoo. Hilo la kondoo liweke akilini, maana bila hilo hutaelewa kwa nini shairi lina uchungu wake.

Kisa kinaanza Rama akiwa njiani kurudi nyumbani Ayodhya baada ya kumshinda Ravana, mfalme wa mazimwi. Rama ni mwana wa mfalme ambaye Wahindu humwabudu kama Mungu aliyeshuka duniani. Anapumzika katika maskani ya watawa msituni, nao wanamwandalia karamu ya kila aina ya nafaka. Hapo linazuka swali: ipi iliyo bora kuliko zote? Huyu anasema ngano, yule anasema mtama, mwingine anataja mpunga. Mtawa mmoja anasimama na kuutaja ulezi. Mpunga unapanda hasira.

Katika shairi nafaka zinasema kama watu. Mpunga unauambia ulezi kwamba haustahili hata kusimama mbele yake, kwa kuwa ulezi ni chakula cha watu wa chini. Mpunga ndio uliomo katika harusi, katika ibada na katika sahani za makuhani. Ulezi haunyamazi. Unaujibu mpunga kwamba wewe humtazami maskini, unamfuata tajiri. Mvua ikikatika huonekani, na mimi ndiye ninayewashika watu wasife. Kisha unaongeza neno lililonichoma mara ya kwanza nilipolisikia: wewe ni chakula cha mgonjwa, na ndiwe unayetiwa kinywani mwa maiti. Huko wali hutiwa kweli katika kinywa cha marehemu, kwa hiyo kila msikilizaji alijua ulezi unasema nini.

Rama hakuamua siku ile. Aliamuru wagomvi wote wawili wafungiwe ghalani miezi sita. Muda ulipotimia wakaletwa mbele ya baraza. Mpunga ulikuwa umenyong'onyea, umeishiwa nguvu, na ulezi ulisimama vilevile kama ulivyoingia. Rama akaukumbatia na kuupa jina lake mwenyewe. Jina lake jingine ni Raghava, na mshairi anasema ndiko lilikotoka neno ragi, ambalo ndilo jina la ulezi huko mpaka leo. Mpunga nao haukutupwa, Rama aliufariji na kuupa nafasi yake. Lakini hukumu ilikwisha kutoka.

Sasa tazama ustadi wa mtu huyu. Hukumu yake haikutoka hewani. Mkulima yeyote wa Ufipa anajua kwamba ulezi ukikauka vizuri hukaa kihengeni miaka na wadudu hawauwezi. Wakulima wa Karnataka walikuwa wakiuhifadhi katika mashimo ya ardhini yanayoitwa hagevu, akiba ya mwaka wa njaa. Kanakadasa alichukua jambo ambalo kila mwanamke mwenye ghala alilijua, akalifanya ushahidi mbele ya Mungu wake.

Tazama na majina. Mpunga humo unaitwa Vrihi, neno la Kisanskriti, lugha ya makuhani na ya elimu ya juu. Ulezi unaitwa Naredalega, jina la Kikannada cha watu wa kawaida, lenye neno la mvi na neno la kichwa ndani yake: mwenye kichwa cha mvi. Kwa hiyo tangu majina yanapotajwa, msikilizaji anajua kwamba wanaogombana si nafaka peke yake. Wapo wenye lugha ya hekaluni na wapo wenye lugha ya shambani. Aliyetunga haya alikuwa mtu ambaye, kama wanavyosimulia, alizuiwa kuingia hekalu la mungu Krishna kule Udupi, mji wa Karnataka, kwa sababu ya jamii aliyozaliwa. Wanasema alibaki nyuma ya hekalu akiimba, ukuta ukapasuka na sanamu ikageuka kumwelekea. Leo kuna kidirisha pale kiitwacho kidirisha cha Kanaka, na waumini humtazama Krishna kwa kupitia hapo. Sanamu imeelekea magharibi, upande huo alikokuwa akiimba.

Mimi shairi hili sikulikuta darasani. Nilikwenda Mysore, mji wa Karnataka, kusoma katika miaka ya themanini, nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjane, nyuma ya soko la Devaraja. Nilimwita Ajji, maana ndivyo Wakannada wanavyomwita bibi. Siku ya tatu hivi, nikiwa kitandani nina homa ya upweke tu, nikasikia harufu. Nikaamka. Ajji alikuwa amebana sufuria kwa miguu yake, amekaa chini, anasonga unga wa ulezi kwa fimbo ndefu ya mti, jasho linamtoka, vilevile kama mama yangu. Akaufinyanga madonge makubwa ya mviringo. Wao huyaita mudde. Akaniwekea donge moja na mchuzi wa mboga za majani. Mimi nikalia, naye akadhani sikukipenda chakula.

Alinifundisha kula kwao: unakata tonge, unalichovya, unameza. Hutafuni. Nikitafuna alikuwa akinipiga kidogo mkononi. Na kila aliposonga, alikuwa akiimba beti za Kanakadasa kwa kichwa, yeye ambaye kusoma alikujua kwa shida. Nilipoanza kuelewa maneno ndipo nikajua anaimba kesi ya ulezi huku mwenyewe mshtaki akiwa ndani ya sufuria. Alipenda sana msemo wao kwamba alaye ragi ni nirogi, hana ugonjwa. Kwa Kikannada maneno hayo yana vina, kwa hiyo watoto huyashika upesi.

Kuna jambo Ajji hakulijua, nami nilimweleza kabla sijaondoka. Ulezi si wa India kwa asili. Watu wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Uganda, ndio walioutoa porini wakaufanya zao la shamba, na ukavuka kwenda India maelfu ya miaka iliyopita. Basi nafaka iliyokumbatiwa na Rama ilitoka huku kwetu. Ajji alinyamaza, kisha akasema kwa hiyo mimi nimekuja kumtembelea ndugu yangu.

Mwambie mwanao hivyo. Na mwambie pia kwamba katika Kiswahili chetu ulezi ni nafaka na ulezi ni kazi ya kulea mtoto. Wenzake waliomcheka karibu wote walikuzwa kwa uji huo.

*Bibi Mwalimu, nakuamkua kutoka Tanga. Mimi ni mtunzi wa mashairi ya vina na mizani. Toleo lililopita uligusia kwamba Wakannada huweka vina mwanzoni mwa mshororo. Inawezekanaje? Na je, wao waliamuaje ugomvi wa kuchanganya lugha? Sisi hapa barazani hatulali kwa sababu ya maneno ya Kiarabu na Kiingereza.*
*Malenga wa Pwani*

Malenga, swali la kwanza nitakujibu kwa mfano niliotunga mwenyewe, nawe unisamehe upungufu wake:

*Milima imetutunza,*
*Ulezi tukauvuna,*
*Walaji wakakusanya,*
*Kulisha walo na njaa.*

Usitafute kina mwishoni. Tazama silabi ya pili ya kila mshororo: li, le, la, li. Konsonanti ni ileile, L, na irabu ina uhuru wa kubadilika. Ndiyo kanuni yao. Ukianza ubeti kwa konsonanti fulani mahali hapo, umefungwa nayo hadi ubeti uishe. Sikio letu limezoea kusubiri mwisho, na mimi ilinichukua miezi kuusikia mpigo huo wa mlangoni. Ukishausikia, hauachi kukuita.

Kanakadasa alitumia ubeti wa mishororo sita unaoitwa bhamini shatpadi. Mshororo wa kwanza, wa pili, wa nne na wa tano ni mifupi, kila mmoja una vipigo 14. Wa tatu na wa sita ni mirefu, vipigo 23. Nasema vipigo, sisemi mizani kama yetu, kwa sababu silabi fupi huhesabiwa kipigo kimoja na ndefu viwili. Bahari hii ndiyo aliyoitumia Kumaravyasa, mtunzi wa Gadag, katika karne ya 15 aliposimulia kwa Kikannada vita vya Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa India. Huyo alisema kwamba nyoka anayeibeba dunia anaugua kwa uzito wa washairi walioandika Ramayana, yaani kisa cha Rama, ndiyo maana yeye akachukua kisa kingine. Ajji alikuwa akicheka kila alipofika hapo.

Kuhusu kuchanganya lugha, baraza lenu lina wenzake wa zamani sana. Kitabu cha Kikannada cha kale kuliko vyote vilivyobaki, Kavirajamarga, cha mnamo mwaka 850 katika baraza la mfalme Amoghavarsha, tayari kinazungumzia namna ya kuunganisha maneno ya Kisanskriti na ya Kikannada, kipi kinapendeza na kipi kinakwaruza. Kitabu hichohicho kinawasifu watu wa nchi ile kwamba hata wasiosoma wana akili ya ushairi. Kila nikimkumbuka Ajji na sufuria yake naona kilisema kweli.

Mkali wao alikuwa Nayasena, mwaka 1112. Aliwauliza watunzi wenzake: kama unataka Kisanskriti, si uandike Kisanskriti kitupu? Inafaa kweli kuchanganya samli na mafuta? Hakuidharau samli, wala mafuta. Kilichomuudhi ni chungu kimoja.

Mimi nampa Nayasena nusu ya haki. Neno kitabu, neno habari, neno shairi lenyewe, haya yameshakaa kwetu hadi yamezaa watoto kwa sarufi yetu, na kuyafukuza ni kujikata kidole. Samli na mafuta ni pale mtu anapoacha neno analolijua, akatia la kigeni ili aonekane amesoma. Hapo namuunga mkono, Malenga, na ukisikia linapita barazani kwenu usilinyamazie.

*Bibi, niko Muscat mwaka wa sita sasa. Sina swali kubwa. Naomba ubeti mmoja tu kutoka kwa hao washairi wako, wa mtu aliye mbali na kwao.*
*Kijana wa Pemba*

Mjukuu wangu, ninao. Ni wa Pampa, wanayemwita mshairi wa kwanza, katika shairi alilolimaliza mwaka 941. Alikuwa mshairi wa baraza la mfalme Arikesari kule Vemulavada, mbali na Banavasi, nchi ya mito na bustani iliyokaa moyoni mwake. Kazi alikuwa nayo, heshima alikuwa nayo. Anasema katika nchi ile ingekuwa heri kuzaliwa tena hata kama nyuki, au kama ndege wa bustanini. Kisha anahesabu vinavyomkumbusha, nami nakupa maana yake kwa maneno yangu:

Upepo wa kusini ukinigusa. Nikisikia neno jema. Wimbo ukiniingia sikioni. Nikiona yasmini limechanua. Niseme nini zaidi? Hata wakinichoma kwa ndoano ya kuongozea tembo, moyo wangu utaikumbuka nchi ya Banavasi.

Ndoano hiyo ya chuma humgeuza tembo mzima. Pampa anasema moyo wake haigeuzi.